Talaka ya sheikh haikufikishi Dubai, mdogo wangu

Kuna mdogo wangu mmoja wa Tanga kaniuliza hivi, na nimeona nijibu kwa wote maana hili swali linanifuata sana: "Dada, mi niliachika mwaka juzi, talaka yangu kaandika sheikh wetu wa mtaani, nimeipeleka kwa wakili kaigonga muhuri, nikija nayo Dubai si naweza kumvuta na mwanangu? Si nchi ya Kiislamu hiyo?"

Haya, nakujibu bila kukupamba. Hapana. Na sikucheki, maana mimi mwenyewe nilikuja na akili hiyohiyo.

Nilikuwa na karatasi yangu kwenye mfuko wa nailoni, muhuri wa zambarau, majina ya mashahidi wawili, nikajiambia Waarabu wakiiona Bismillahi pale juu wamemaliza. Kijana wa kaunta hata hakuisoma. Aliigeuza nyuma, akakuta peupe, akanirudishia. Basi. Huku karatasi inasomwa kwa nyuma shosti, ndo mihuri inakokaa.

Hakuna anayejali kama kweli uliachwa au la. Wanachotaka ni mihuri iliyofuatana. Wizara ya Mambo ya Nje kule nyumbani inathibitisha sahihi ya ofisi ya serikali iliyotoa karatasi, ubalozi wa Emirates pale Dar unathibitisha muhuri wa wizara, ukifika huku wizara ya mambo ya nje ya hapa nayo inaugongea ule wa ubalozi wao, dirham 150 kila karatasi, halafu ndo mtafsiri wa sheria mwenye leseni anaigeuza Kiarabu. Kila mmoja anamjua aliyemtangulia tu. Sasa sheikh wetu wa mtaani, Mungu amlipe kheri, wizarani nani anaijua sahihi yake? Na huyo wakili wako muhuri wake unasema tu kopi inafanana na orijino, hausemi orijino yenyewe ina nguvu gani.

Tanzania Bara sheria iko wazi tangu 1971, ile Sheria ya Ndoa, talaka ni mpaka mahakama iseme. Hata kama mmefunga ndoa ya Kiislamu na mume kashatamka zote tatu, unaanzia baraza la usuluhishi (BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wanalo), wakishindwa kuwapatanisha wanakupa fomu, unaenda nayo mahakama ya mwanzo, hakimu akiridhika kwamba kidini mmeshaachana ndo anatoa amri ya talaka. Mi eda nilishakaa nikamaliza, nikaombwa posa na watu wawili, kumbe kwenye makaratasi bado mke wa mtu! Wa Unguja na Mombasa wana afadhali, kadhi wao ni mahakama kabisa.

Kwa hiyo likizo yangu ya kwanza ikaishia kwenye mabenchi ya mahakama. Nikapata hati yangu, muhuri mwekundu umekolea, na kwa furaha, jamani nacheka nikikumbuka, nikapitia steshenari moja Kariakoo nikailamineti. Isichakae! Si ndo tulivyolelewa, cheti cha darasa la saba kimelaminetiwa, cha kuzaliwa kimelaminetiwa. Nikaenda nayo kugongesha, yule mama akapitisha ukucha juu ya plastiki akaniuliza, sasa mwanangu muhuri niugonge wapi? Nikarudi nyumbani nikajaribu kuibandua kwa wembe na mvuke wa birika, plastiki ikatoka na sahihi ya hakimu. Siku nne zimebaki za likizo. Ikabidi mdogo wangu wa damu afuatilie nakala nyingine mahakamani mi nikiwa huku, na karani kila akienda faili halionekani, mara hakimu kahama, miezi mitano ikakatika hivyo.

Na majina. Pasipoti inasema Ally, hukumu ikaandika Ali. Kwa Kiarabu ni neno lilelile, herufi zilezile, lakini wao wanaangalia pasipoti, kwa hiyo nikala kiapo cha majina na chenyewe kikaenda kugongwa mihuri yote upya. Ukiwa bado mahakamani mwambie karani akuandike kama pasipoti ilivyo, herufi kwa herufi, akikununia mwache anune.

La mtoto ndo usilale kabisa. Mwambie hakimu aandike kwenye amri mtoto anakaa na nani, maana mimi yangu ilisema ndoa imevunjwa ikaishia hapo, na huku mama akitaka kumwekea mtoto viza wanataka talaka, wanataka karatasi ya malezi, na barua ya baba kwamba hana pingamizi. Baba mtoto wangu barua ile aliiuza. Sitasema kwa kiasi gani.

Halafu amri ukishaipata ipeleke RITA, wale wakala wa serikali wa vizazi, ndoa na talaka, waisajili wakupe cheti cha talaka. Chukua nakala mbili mbili za kila kitu. Na hao vijana wanaokwambia "nipe laki mbili nakutolea na mihuri yote kesho" kimbia, muhuri feki huku si mchezo, kesi yake ni kubwa kuliko talaka yenyewe.

Sasa nikwambie na lile ambalo tukiwa huku hatusemi. Hata mihuri ikikamilika yote, mtoto anahitaji mkataba wa nyumba wenye jina lako, na wengi wetu mnaotuona tunapiga picha chini ya Burj Khalifa tunalala kwenye bedispesi, yaani unakodi kitanda tu, mtaa wa Deira, watu sita chumba kimoja, kitanda cha juu nguo zinaning'inia miguuni. Mi makaratasi yalikuwa tayari kwenye bahasha mwaka mzima kabla sijapata chumba na mshahara wa kutosha kumleta. Mwanangu alinikuta alishabadilika sauti.

Kwa hiyo usikate tiketi kwanza. Anzia hapohapo Tanga, mahakama iko karibu na kwenu kuliko itakavyokuwa ukishafika huku. Na ile ya sheikh usiitupe, hakimu atataka kuiona. Ila tafadhali usiilamineti.