Barua kwa binti yangu wa Haki na Amani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ujiuzulu kamati ya Haki na Amani ya parokia yenu, kwa kuwa paroko amesema mwendelee kuwagawia chakula waliobomolewa nyumba kando ya mto Mathare mwaka 2024, lakini zile shilingi elfu kumi walizoahidiwa na serikali, ambazo watu wenu hawajaziona, mziachie wanasiasa. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kila nikishika kalamu nijibu, namwona Padre Kaiser, yule mmisionari Mmarekani aliyewatetea waliofukuzwa mashambani.

Wewe ulikuwa mgongoni, huwezi kukumbuka. Watu walifukuzwa mashambani mwao Enoosupukia, kule Narok, Oktoba 1993, wakaja kujibanza kambini Maela, upande wetu wa Naivasha, chini ya karatasi za nailoni. Sisi akina mama wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, hapa Naivasha tulichanga mahindi, maharagwe na blanketi. Krismasi ya 1994 tukasema safari hii wale pilau kama watu wengine. Shangazi yako akatoa mbuzi, baba yako akatafuta pikapu, mimi nikakopa mchele dukani. Mkesha wa Krismasi kambi ikavunjwa. Watu walipakiwa kwenye malori kama mizigo. Wengine wakaenda kumwagwa uwanja wa Kirigiti, wengine Ol Kalou, na Padre Kaiser aliyekuwa akiishi nao akaondolewa naye. Gunia letu la mchele halikufunguliwa.

Bado inaniuma. Na kinachoniuma zaidi ni mzee mmoja wa jumuiya aliyesimama baada ya misa akasema, "Kazi yetu sisi ni kulisha. Mambo ya mashamba hayatuhusu." Kulisha nani, nikamuuliza mbele za watu, na wenye njaa wamebebwa usiku?

Ndiyo maana nasema, na utanivumilia nikirudia kama kawaida yangu: anayelisha ana haki ya kuuliza njaa imetoka wapi. Bikira Maria mwenyewe katika wimbo wake, kabla hajafika kwa wenye njaa walioshibishwa mema, aliwataja kwanza wakuu walioangushwa kutoka viti vyao vya enzi. Wimbo huo tunausali kila siku. Sijui tunadhani aliuimba kwa ajili ya nani.

Lakini ngoja niwe upande wa paroko wenu pia. Huenda anaogopa kwamba mkipaza sauti chifu atakasirika, na siku inayofuata hamtaruhusiwa kugawa hata kilo ya unga. Mtoto mwenye njaa anataka uji leo, hawezi kungoja kesi iishe. Hilo nalijua, nimewapikia watoto wa namna hiyo. Na mwisho wa Padre Kaiser naujua. Mwaka 1999 alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila, akawataja wakubwa kwa majina. Agosti 24, 2000 mwili wake ukakutwa kando ya barabara pale Morendat, karibu kabisa na kwetu. Wapelelezi wa Marekani wakasema alijiua, na ikachukua hadi mwaka 2007 mahakama iseme aliuawa. Mimi ni mama. Unadhani nakutakia barabara hiyo? Sikutakii, naomba rozari nzima usiipite.

Halafu najiuliza: kama padre yule angegawa mahindi tu na kunyamaza, watu wa Maela wangesemewa na nani siku ile mbele ya tume? Anayelisha ana haki ya kuuliza. Ona, nimerudi palepale.

Basi sikwambii ujiuzulu, wala sikwambii ubaki. Ulimi unaniwasha, na baba yako amenikataza nisiandike ninachofikiri, eti wewe ni mtu mzima na paroko huyo ni wako, si wangu. Ana haki. Ila ungeniuliza kama uache kuzifuatilia zile elfu kumi, hapo ningekujibu kwa neno moja, na baba yako asingenizuia.

Ile orodha ya ambao hawajalipwa iko kwa nani? Isikae ofisini peke yake. Toa nakala, kila jina liwe na sahihi ya mwenyewe, na moja uniletee ukija Pasaka. Kabati la baba yako lina kufuli.

Mama yako