Gorila wameongezeka, hofu ni ya nini?

Swali: Mheshimiwa mhariri, tunaambiwa gorila wa milimani wanaongezeka. Mbona wataalamu bado wana wasiwasi? (Msomaji, Himbi, Goma)

Jibu: Ndugu msomaji, wingi ni jambo moja, utofauti wa jeni (vinasaba vya urithi) ni jingine. Sensa ya 2015–2016 ilihesabu gorila 604 katika milima ya Virunga, na ile ya 2018 ikapata 459 huko Bwindi, Uganda; lakini kati ya maeneo hayo mawili kuna mashamba na vijiji ambavyo jike hawezi kuvivuka kutafuta dume upande wa pili, hivyo wenye damu moja huzaana. Tazama mikono yao: baadhi ya gorila wa Virunga wana vidole vilivyoshikana kwa ngozi, kasoro inayohusishwa na uzazi huo. Watafiti husoma jeni kutoka kwenye kinyesi kilichookotwa viotani asubuhi, bila kumgusa mnyama, njia ninayoiheshimu sana.