Feri Saa Nne Asubuhi Umeshachelewa

Juzi msomaji mmoja kanitumia ujumbe mrefu wa malalamiko. Aliwahi kusoma nilivyoisifia Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, basi Jumamosi akaamka kwa raha zake, akanywa chai, akawasha gari, akaingia sokoni saa nne na nusu. "Dada, hayo uliyoyaandika sijayaona hata moja. Nimekuta jua, maji ya samaki na watu waliochoka hata kuitikia salamu." Mwishoni akauliza kama kuna mtu ananilipa niandike vile.

Hakuna anayenilipa. Ila ujumbe ulinikera, kwa sababu si wa kwanza. Wanaoniandikia wengi wana ndoto kama zangu: mnataka kuijua Dar kwa miguu, wengine mnataka kuja kuwaongoza wageni, wengine mnapiga picha, wengine mnatafuta tu Jumamosi isiyoishia kwenye kochi. Vizuri. Tatizo mnakwenda sokoni kama mnavyokwenda benki, mkiamini kwamba mlango ukiwa wazi basi huduma ipo.

Soko la chakula ni mahali pa kazi. Mtaa wa mafundi vilevile. Hakuna aliyewekwa pale ili sisi tumtazame. Ukienda kwa saa za kazi yao utaona kila kitu, ukienda kwa saa zako utakuta wanafagia.

Mimi nashuka kituo cha mwisho cha mabasi ya mwendokasi, Kivukoni, jua likiwa bado halijapanda. Siku hizi naingia sokoni kwa miguu inayojijua. Naanza na upande wa mnada, nasimama nyuma, siongei. Dalali anamnyanyua kolekole kwa mkono mmoja, kidole gumba kinafungua shavu ili watu waone wekundu wa ndani, na kabla hujaelewa bei imeanzia wapi imeshafungwa. Mnunuzi hapigi kelele. Ananyanyua kidevu tu, au anagusa ndoo yake kwa mguu, dalali ameshaelewa. Wakinamama wa kukaanga wanachangiana: fungu moja la vibua watu watatu, wanagawana palepale juu ya sakafu yenye maji, samaki kwa samaki, na yule aliyetoa pesa pungufu anajua mwenyewe asichague wakubwa. Ukipita hatua chache unawakuta vijana wa kupara samaki, magamba yamewaganda mpaka kwenye nyusi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasimama hapo na daftari. Sasa kuna mmoja akiniona anauliza kwa sauti ya juu, "Leo umelala?" Nakubali, hilo linanipa kiburi. Wapo watu waliozaliwa Upanga, mwendo mfupi tu kutoka pale, ambao hakuna mtu Feri anayejua wamelala au wamekufa.

Soko la sasa lilijengwa kwa msaada wa Japani na kuanza kazi mwaka 2002, limepangwa kwa kanda, kwa hiyo hupotei. Cha kuangalia zaidi ni mwezi. Dagaa na vibua vinavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali samaki hawaifuati taa, hivyo asubuhi yake utakuta meza za dagaa zimepungua na bei imepanda. Watu wanakwenda siku hiyo, wanarudi wanasema soko limedorora. Angalia mbingu kabla ya kuangalia simu.

Halafu kula. Usile ukishamaliza kutembea, kula mapema, wanapokula wachuuzi. Supu ya samaki na chapati, au muhogo na kachumbari yenye pilipili ya kutoa machozi. Mahali pa kula panajichagua penyewe: pale wanapokaa wabeba mizigo, na si pale palipo na kiti cha plastiki kisafi. Ukishakaa na kulipa, maswali yako yote yanajibiwa bila kuulizwa mara mbili. Kabla ya hapo wewe ni mpita njia anayezuia watu.

Na simu, tafadhali. Soko linapakana na eneo la Ikulu, kwa hiyo upande huo ibaki mfukoni kabisa, hapo hakuna mjadala. Kwa watu wa sokoni, omba kwanza. Mtu amelowa, ana magamba usoni, hajalala tangu jana, wewe unamnyooshea kamera. Ungekubali kupigwa picha ofisini kwako ukiwa hivyo?

Niseme jambo ambalo nimelinyamazia muda mrefu. Kuna kampuni moja ya kutembeza wageni, jina silitaji. Waliniita ofisini, wakanipa soda baridi, wakaniomba niwaandikie njia yangu kwa ajili ya "ushirikiano". Nikawaandikia yote: nashukia wapi, naanza na nani, wapi nakaa, wapi nisisimame. Walisema watapiga simu. Haikuja. Baadaye naiona njia yangu kwenye kipeperushi chao, mpaka yale maneno yangu, "hapa tunakaa kwanza," wameyaacha vilevile. Wamebadilisha kitu kimoja tu, saa. Wao wanaanza saa nne, wageni wakishashiba hotelini, na Feri wanaipita kwa basi dogo, wageni wameziba pua. Bado inaniuma. Na Mungu anisamehe, nikiwaona wale wageni wanavyokimbilia ndani ya basi nafurahi kidogo. Njia waliichukua yote, ila saa hawakuielewa, na bila saa ile njia ni mstari tu kwenye karatasi.

Kutoka Feri kwenda Kariakoo ni mwendo wa chini ya saa moja kama husimami. Sehemu ya katikati sina mengi ya kusema. Utapita Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, utapita Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, watu wanapenda kupiga picha hapo, pigeni. Mimi huwa naharakisha nifike Mnazi Mmoja kabla jua halijakolea, kwa sababu Mtaa wa Uhuru ndipo inapoanza kunoga tena.

Pale kuna maduka ya kanga. Usiingie kama hujui unamnunulia nani. Nasema hivyo kwa sababu muuzaji atakuuliza, ni ya mama, ni ya harusi, ni ya kumsema jirani? Akishajua, anavuta doti moja kutoka kwenye rundo, anaikunjua kwa mkupuo mmoja juu ya meza, na kidole chake kinakwenda moja kwa moja kwenye maandishi. Anakusomea jina la kanga kabla ya kukutajia bei. Nikiwa na muda nasimama pembeni nisikilize wanawake wanavyojadili jina lipi ni kali mno kulivaa mbele ya wifi. Hiyo ndiyo sanaa ya mtaani ninayoijua mimi: kuna mtu alikaa akachora mji, pindo na rangi, akatafuta maneno machache yanayouma, na mtu mwingine kabisa anakuja kuyavaa kana kwamba ameyatunga yeye. Vibarazani kuna mafundi cherehani. Ukiinunua doti, wapelekee wao wakukatie na kukupindia hapohapo. Utakaa, utapewa stuli, na mazungumzo ya nusu saa ni bure.

Kariakoo yenyewe siwafichi, inachosha. Begi liwe mbele, simu isiwe mfuko wa nyuma, na usitembee ukitazama ramani kwani vibaka nao wanatazama. Lakini msipite bila kuliangalia jengo la Soko Kuu. Lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo wa Kitanzania, likafunguliwa mwaka 1975, na lile paa lake la miavuli ya zege halikuwa pambo: lilijengwa likusanye maji ya mvua. Bibi yangu alikuwa akinishika mkono kushuka nami kule chini, shimoni, kutafuta njugu mawe, na nilikuwa nadhani jiji lote limejengwa juu ya magunia. Julai 2021 moto ukaliunguza. Nilikwenda kesho yake nikasimama na watu wengine nyuma ya kamba za polisi. Mzee mmoja wa vitunguu alikuwa akihesabu kwa vidole alichokuwa nacho ndani, anafika mwisho anaanza upya.

Kwa anayependa chakula kuliko umati, nenda Mabibo, Mahakama ya Ndizi. Ndiyo, ndivyo inavyoitwa. Malori ya mikoani yanashusha asubuhi, na ukiuliza ndizi ya kupika tu bila kusema ya aina gani utachekwa mpaka ujifunze. Saa ni ileile: mapema, malori yakiwa bado yanashusha.

Mchana ndipo watu wengi mnapoharibu. Mmeamka alfajiri, mmechoka, mnataka kumaliza sanaa yote ya Dar kwa haraka: Mwenge, Oysterbay, Mikocheni, halafu nyumbani. Chagua mahali pamoja tu. Mimi nachagua kwa hali ya miguu yangu.

Mwenge, kwenye vinyago, usianzie maduka ya mbele. Zunguka nyuma, fuata mlio wa tezo. Wachongaji wanakaa chini, kipande cha mpingo kimebanwa kati ya nyayo mbili, na tezo inashuka karibu na vidole vya miguu kiasi kwamba mgeni anafumba macho. Okota kipande kilichoruka, ukitazame. Moyo wa mpingo ni mweusi wa kuiva, na pembeni kuna utepe wa rangi ya krimu, huo ni mti wa nje. Ukishaujua utepe huo huwezi kudanganywa na mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu. Njia nyingine ni uzito: mpingo ni mzito mno, ukiutia kwenye ndoo ya maji unazama. Muulize mchongaji kuhusu ule mti wa ujamaa, watu wamepandiana mabegani kwa gogo moja, nani alianza kuchongwa, wa juu au wa chini. Nimeuliza swali hilo kwa watu tofauti na kila mmoja ana jibu lake na sababu zake, na kila mmoja ananiambia wenzake hawajui kazi.

Oysterbay, pale Morogoro Stores, ndipo kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora maeneo hayo mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu anayekimbia, na kazi ikaendelezwa na ndugu na wanafunzi wake, mpaka ushirika wao ukaundwa mwaka 1990. Hayo utayapata popote. Usichokipata popote ni kukaa na mchoraji. Nilikaa na mmoja tangu baada ya adhuhuri. Alikuwa amepanga picha kadhaa ukutani, zote nusunusu: hii ina mandhari ya nyuma peke yake, ile ina mwili wa twiga bila madoa, nyingine ndege wasio na macho. Mgeni aliyekuja akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kutosha, kwamba hiki ni kiwanda. Mchoraji hakujibu. Mgeni alipoondoka akanionyesha kidole chake: aligusa mandhari ya ile ya kwanza, ikabaki alama. Rangi ile ya mafuta inachelewa kukauka, ukiweka madoa leo juu ya mwili wa leo yanachuruzika. Kwa hiyo anazungusha picha, anasubiri. Yule mgeni angekaa muda wa kunywa soda angeliona hilo mwenyewe.

Hapo ndipo ninapowaudhi watu, lakini nitasema. Mkifika kwa wasanii msianze na bei. Vijana wa sasa, hata sentensi ya kwanza ni "mwisho shilingi ngapi?" Mtu hujamwamkia, hujauliza ni nini amechora, unamvunja bei. Kujadiliana ni haki yako, hata yeye anakutegemea ujadiliane, ila kaa kwanza. Na kama huna pesa ya kinyago, sema huna, nunua hata kadi ndogo. Kama hiyo nayo huna, mwagizie kahawa. Usizunguke vibanda vyote mikono nyuma kama mkaguzi wa serikali.

Mikocheni, Nafasi Art Space, kontena za meli zimegeuzwa karakana za wasanii tangu mwaka 2008. Pale ulizia kwanza siku yenye shughuli, onyesho au muziki. Siku za kawaida ni watu wanafanya kazi kimya, na mkienda kundi zima mtawasumbua.

Masika, Machi hadi Mei, msinitumie ujumbe kwamba njia imewashinda. Bonde la Jangwani likijaa maji hata mwendokasi inasimama. Miezi hiyo mimi natembea upande wa bahari tu, na viatu ni vya kufunika vidole, kwa sababu maji ya Feri yana miiba ya samaki.

Wengi mnaniomba jina la mama lishe wangu wa pale. Kutokana na yaliyonipata kwenye ile karatasi niliyoiandikia kampuni, sitoi. Ana mabenchi mawili tu, yakijaa nakula nimesimama.