Fyuzi Iliniambia Mara Mbili Kabla Nduthi Haijashika Moto

Jioni moja, mvua ikiwa imetoka tu kunyesha, nilimpakia mama mmoja kwenye nduthi yangu, yaani pikipiki ya boda, na kigunia chake cha mboga kutoka soko la Mutindwa, tukashika barabara ya Outer Ring kuelekea Donholm. Hatukuwa tumeenda mbali akaniambia, "Kijana, pikipiki yako inanuka plastiki." Nikamjibu ni watu wanachoma taka huko kando. Dakika haikuisha, akanipiga bega: "Weee! Simamisha! Mguu wangu unachomeka!"

Wacha nianze na jambo nililofanya sawa, kwa sababu mengine karibu yote niliyakosea. Nilivuta pembeni, nikazima swichi, nikamshusha mama, kisha nikainama nikafunga koki ya petroli. Ile koki ndogo chini ya tangi ambayo wengi wetu hatuigusi ila siku ya kuingia rizavu, yale mafuta ya akiba. Nilipata nafasi hiyo kwa kuwa moto ulikuwa bado uko chini ya kiti. Miali ingekuwa imeshafika tangini nisingepeleka mkono, na wewe usipeleke. Rudi nyuma, wazuie na watu, wacha iungue.

Watu nao walijaa, unaijua Nairobi. Mmoja akaja mbio na ndoo kutoka mahali pa kuosha magari. Hata nilimshukuru. Maji yalipomwagwa, moto ulishuka nayo hadi kwenye lami ukaanza kutembea kuelekea viatu vyetu, maana petroli huelea juu ya maji na huendelea kuwaka popote yanapoibeba. Makanga wa matatu akaleta mtungi wa kuzimia moto. Ukakohoa mara moja ukanyamaza. Presha ilikuwa imeisha zamani. Kilichotuokoa ni rundo la mchanga wa mjengo na vijana wawili wenye sepetu, ambao walirusha mchanga kwenye shina la moto badala ya kuhangaika na miali ya juu. Ukibahatika kupata mtungi mzima, ule wa unga mkavu, fuata mtindo huohuo: upepo uwe mgongoni mwako, lenga chini, fagia kushoto na kulia. Na akitokea mtu wa kukupigia kelele ufungue kifuniko cha tangi "presha itoke", kama alivyotokea wangu, mwache apige kelele.

Mama alikuwa amebabuka kwenye kifundo cha mguu. Mtu akachomoa dawa ya meno mfukoni (nani hutembea na dawa ya meno mfukoni?) akitaka kumpaka. Msikubali. Jeraha la moto linataka maji safi ya kawaida yakitiririka juu yake dakika 20, kisha hospitali. Barafu, samli na unga wa ngano vibaki jikoni. Na kama moto umewazidi, nambari za dharura ni 999 na 112, hazilipishwi.

Kesho yake steji nzima ya boda iligeuka mahakama. Kundi moja likasema ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Kundi la pili likasema ekzosi, la tatu likasema waya. Mmoja akasema ni wivu, kuna mtu amenifanyia kitu. Nilichukua mabaki nikayapeleka kwa fundi mmoja mzee kule Kariobangi Light Industries, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba pikipiki iliyoungua huweza kusomwa.

Mafuta ya taa aliyafuta mara moja. Petroli iliyochanganywa hivyo, alisema, itakutolea moshi na kukunyima nguvu mlimani, lakini haiwashi moto chini ya kiti. Halafu akaanza kutafuta mahali pa chini zaidi palipoungua vibaya, kwa sababu moto hupanda. Tatizo ni kwamba petroli inayowaka hudondoka, ikaacha alama huko chini na kukudanganya. Injini yangu ilikuwa nyeusi kote, na mtu mwenye haraka angesema kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa. Mzee akaendelea kukwangua. Karibu na betri, mahali waya unapopita juu ya chuma cha fremu, akanionyesha shaba iliyoyeyuka ikawa kitone kama kichwa cha pini. "Hiki peke yake hakinitoshi," akasema. "Moto wenyewe huyeyusha mpira wa waya, shoti ikaja baadaye. Niambie, fyuzi yako ilikuwa na shida?"

Nilikaa kimya.

Ilikuwa na shida. Ilikuwa imekatika mara mbili katika wiki mbili. Mara ya kwanza niliweka nyingine. Mara ya pili, mwenzangu alinionyesha ujanja wa kuizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na pikipiki ikawaka vizuri sana. Fyuzi ya ampea 10 hukatika ili waya usiungue. Ile karatasi haikatiki kirahisi, kwa hiyo kinachoungua ni waya. Taa zangu mbili za kuongezea, za wati 20 kila moja, zilivuta ampea 3 na ushee tu, wala hazikuwa nzito. Kosa lilikuwa namna zilivyofungwa: waya mwembamba umepitishwa chini ya kiti bila kinga, ukasuguana na fremu kila tuta, hadi shaba ikagusa chuma. Mvua ya jioni ile huenda ilimalizia tu. Moto ukashika mpira, ukaelekea mbele, ukakuta bomba la petroli lenye nyufa nilizokuwa nikiziona kila wiki. Kwa hiyo wa petroli na wa waya wote walikuwa na haki kidogo pale steji. Wa wivu hapana.

Mzee aliniambia anayoyaona zaidi: kabureta inayofurika kwa sababu ya uchafu kwenye sindano yake, nyasi au gunia lililogusa ekzosi, waya zilizochubuka pale shingoni usukani unapogeukia, na pikipiki zinazoendeshwa bila chujio la hewa, ambapo injini ikipiga chafya miali hutokea kwenye kabureta. Kujaza mafuta injini ikinguruma sina haja ya kusema. Nasema tu kwa sababu jana nimeona mtu akifanya, na abiria bado amekaa.

Kuhusu pesa, usije ukashangaa kama mimi. Bima ya bei ya chini tunayokata wengi hulipa hasara ya watu wengine. Pikipiki yako ikiungua ni yako. Ile kubwa, comprehensive, ndiyo hulipa moto. Vyovyote vile, piga picha kabla hujaisogeza, uandikishe kituoni upate abstrakti ya polisi, ile karatasi ya kuonyesha umeripoti, na kama bado una mkopo mjulishe aliyekukopesha siku hiyohiyo.

Niliifufua polepole kwa vipuri vya Kirinyaga Road. Bomba jipya la petroli lilinigharimu kama chapati tatu. Taa za kuongezea nilizirudisha, ndiyo, lakini zina fyuzi yake karibu kabisa na betri, na waya umevikwa bomba la plastiki. Yule mama wa Mutindwa alipona na bado hunipigia simu nimbebe. Ila kabla hajapanda huinama kwanza, akanusa.