Kwa Mnaokwenda Kusomea Sanaa za Maonyesho

Kila mwaka, majuma machache kabla ya vyuo vikuu kufunguliwa, vijana wawili watatu waliopata nafasi ya kusomea sanaa za maonyesho hufika nyumbani kwangu hapa Mtwara kuniaga na kuniuliza maswali. Wengine hutoka Newala na Masasi, wengine Nachingwea na Kilwa. Swali lao kubwa huwa moja: huko tunakokwenda, tutaigiza au tutasoma vitabu? Aliyezoea jukwaa la shule huuliza kwa kuogopa vitabu, na aliyefaulu fasihi kwa kukariri huuliza kwa kuogopa kusimama mbele za watu. Huwajibu kwamba watafanya yote mawili ndani ya siku moja, na kwamba ugumu wa masomo haya uko katika kuyafanya mawili hayo yazungumze.

Mimi sikulielewa hilo mapema. Mwaka wa kwanza, asubuhi niliketi kwenye mihadhara ya historia ya tamthiliya nikinakili kila neno la mhadhiri, na mchana nilivua viatu nikaingia ukumbi wa mazoezi kana kwamba nimekwenda shamba jingine kabisa. Daftari langu halikujua mwili umefanya nini, wala mwili haukujua daftari limeandikwa nini. Mitihani ya kuandika nilifaulu, lakini jukwaani niliendelea kuigiza yaleyale niliyoyajua tangu kidato cha pili: kulia kwa sauti, kutupa mikono, na kuitazama hadhira kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi.

Kilichonibadilisha ni zoezi dogo. Tulikuwa tunasoma tamthiliya ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, inayohusu Vita vya Majimaji. Ninyi wa Lindi mjue kwamba mwandishi huyo ni mzaliwa wa mkoa wenu, na kwamba vita vyenyewe vilianza Julai 1905 katika milima ya Matumbi, wilayani Kilwa, watu wa Nandete walipoing'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima. Kabla hatujagusa hata sentensi moja ya tamthiliya, mwalimu alituagiza tung'oe mche wa pamba, bila maneno na bila mche. Darasa zima tulikunja nyuso kwa hasira, tukavuta hewa kama watu wanaochuma maua. Alitusimamisha, akauliza ni nani kati yetu aliyewahi kung'oa mti wowote shambani.

Mimi nilikuwa nimeng'oa mashina ya mbaazi kila mwaka kwa bibi yangu Newala. Nikakumbuka kwamba mtu hukanyaga ardhi pande zote mbili za shina, hushika chini kabisa karibu na udongo, hulitikisa kushoto na kulia mpaka mizizi ilegee, kisha huvuta kwa mgongo na mapaja, na shina linapokubali humrudisha hatua moja nyuma. Nilipofanya hivyo, hasira niliyokuwa naitafuta usoni ilinijia yenyewe kutoka kiunoni. Juma hilohilo tulikuwa tumefundishwa kwamba Stanislavski, mwongozaji wa maigizo wa Kirusi, katika miaka yake ya mwisho aliwataka waigizaji waanze na tendo la mwili lililo sahihi badala ya kuisukuma hisia kwa nguvu. Maneno hayo nilikuwa nimeyanakili Jumatatu, nami sikuyaelewa mpaka Alhamisi.

Tangu siku hiyo nilianza kuweka shajara, na huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko wote. Usiku uleule wa mazoezi, hata kama umechoka, andika mwili ulifanya nini, pumzi ilikatika wapi, mwenzako alikupa nini ukakipokea au ukakikataa, na waliokuwa wanatazama walinyamaza au walikohoa katika tukio gani. Andika ukurasa wa kushoto tu, na wa kulia uuache wazi. Utakapokutana na hoja ya kitabu inayogusa ulichokiona, iandike hapo mkabala, hata kama inakupinga, na hasa inapokupinga. Usiandike kwamba mazoezi yalikuwa mazuri. Sentensi hiyo haitakufaa kitu miezi sita baadaye, utakapotakiwa kuandika insha ya kueleza namna ulivyomjenga mhusika wako.

Vijana wengi wa kwetu huingia darasani wakiamini kwamba nadharia ni mali ya wageni waliokaa mezani wakafikiri. Chunguzeni zilivyopatikana. Brecht, mwandishi wa tamthiliya wa Kijerumani, alimwona mwigizaji wa Kichina Mei Lanfang mjini Moscow mwaka 1935, na kutokana na alichokiona akaandika juu ya mwigizaji anayeonyesha tendo na wakati huohuo akaonyesha kwamba anaonyesha. Hoja hiyo ikawa sehemu ya msingi wa nadharia yake ya kuifanya hadhira itazame kwa kuhoji. Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazili, alisimulia jinsi kundi lake lilivyoigiza mbele ya wakulima, likiwahimiza wamwage damu kwa ajili ya ardhi yao, na jinsi mkulima mmoja alivyowaalika wachukue bunduki zao waende wakapigane pamoja. Wakalazimika kukiri kwamba bunduki zile ni za kuigizia tu. Boal hakuisahau aibu hiyo, na baadaye akajulikana kwa njia ya kumruhusu mtazamaji asimamishe onyesho, apande jukwaani na kujaribu mwenyewe suluhisho lake. Watu hawa walitazama kwa makini, wengine wakaumizwa na walichokiona, kisha wakaandika.

Nanyi mmetazama mengi. Mimi nimekua nikitazama mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, kutoka upande wa wanawake. Lipiko, yaani mwenye kinyago, hutokea kichakani, mchezaji amefunikwa mwili mzima, ngoma zinapanda, naye huja mbio na kusimama palepale ngoma zinapokata. Tulikimbia, tukarudi, tukacheka, tukapiga vigelegele. Wala hakuna aliyetamka kwamba ndani mna mtu, maana hilo ni jambo la waliopita jando. Chuoni ilikuwa rahisi kusema kwamba mapiko ni Brecht wa Kimakonde, na niliwahi kuandika hivyo katika insha. Leo siikubali hoja hiyo. Mwigizaji wa Brecht hujionyesha ili mtazamaji asisahau kwamba anatazama mchezo, ilhali kwenye mapiko mtu amefichwa, na kufichwa kwake kunalindwa na kijiji kizima, wakiwamo wale ambao hawajaambiwa siri. Hata hivyo tunaupima uchezaji wake, tukisema lipiko la mwaka jana lilikuwa na miguu myepesi zaidi. Hali hiyo ya kujua bila kutamka sijaiona ikipewa jina katika vitabu nilivyosomeshwa. Atakayeieleza vizuri atakuwa ametunga nadharia, na sioni kwa nini asitoke Mtwara au Lindi.

Lakini si kila ulichokiona nyumbani ni chako kukipeleka jukwaani. Mwaka wa pili niliweka wimbo wa unyago katika onyesho la mtihani. Nilichezwa unyago mwenyewe, wimbo niliujua, na nilidhani kuujua ndiyo ruhusa. Likizo ilipofika nilimsimulia kungwi wangu nikitarajia afurahi. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema: "Mwanangu, ule wimbo una mlango wake. Wewe umewapitisha watu ukutani." Nilimwomba radhi, akanisamehe, ila onyesho lilikuwa limekwisha kutazamwa na wanaume na watoto, na hilo halirudi. Tazameni pia Sindimba, ngoma ya Wamakonde: baada ya uhuru ilichezwa na vikundi vya ngoma mbele ya nchi nzima, na sifa iliipata kweli, lakini walioiona huko mbali wengi waliipokea kama kukata kiuno tu. Kabla ya kuchukua kitu, muulize mwenyewe kinachezwa lini, mbele ya nani, na sehemu ipi haitoki nje. Ukikataliwa, jifunze mdundo wake na mpangilio wake wa mwitiko, kisha utunge wimbo wako.

Mafunzo ya vitendo mkayafanyie huku kwetu, mkipewa nafasi ya kuchagua. Kundi letu lilikwenda kijiji kimoja cha Tandahimba na mchezo uliokwisha kukamilika, kuhusu binti anayeachishwa shule. Watu walipiga makofi, wakakunja mikeka, wakaenda zao. Mwalimu wetu alitukumbusha kazi ambayo Penina Mlama, mhadhiri wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzake waliifanya kijijini Malya, mkoani Mwanza, miaka ya 1980, ambako wanakijiji wenyewe walishiriki kuchunguza matatizo yao, kuyachambua, kuyaundia onyesho kwa sanaa walizozijua, na kuyajadili baada ya kutazama. Tulikuwa tumeyasoma hayo yote, tena tulikuwa tumeyafanyia mtihani. Tulikaa siku tisa zaidi, tukasikiliza, na safari hii tukaukata mchezo katikati, pale mama anaponyamaza mumewe anapoamua. Bibi mmoja alisimama, akamwondoa mwenzetu aliyeigiza mama, akaketi mahali pake na kusema kwamba mama huyu hakunyamaza kwa woga. Alikuwa anahesabu fedha za korosho zitafika lini. Mjadala uliofuata ulikwenda mpaka magharibi, na haukuwa ule tuliokuwa tumeuandaa.

Mambo mengine ni madogo, nayapitia upesi. Msigombee uhusika mkuu katika kila onyesho; muhula niliosimamia maleba na taa ndio ulionifundisha namna onyesho zima linavyoshikana. Pasheni mwili na sauti kila siku, hata siku zisizo na mazoezi, na mkikauka koo msinong'one, pumzikeni. Fikeni kabla ya saa iliyopangwa, kwa kuwa mmoja akichelewa, wenzake kumi na wawili hawana tukio la kufanyia kazi.

Likizo ya kwanza mkirudi, njooni na shajara zenu, kurasa za kulia zikiwa zimeanza kujaa. Ukumbi wa mazoezi sina, ila uani kwangu chini ya mkorosho pana nafasi ya watu kumi kusimama, kupanua miguu na kung'oa pamba.