Jibu: Uzio wa muda wa sungura, nyumba ya kupanga

Dada, umeuliza uwazungushie nini sungura wako wawili wacheze uani hapo Malindi, na mwenye nyumba hataki kuchimbiwa chochote. Mimi niko Lamu, nafuga watatu, na mchanga wetu ni ule ule.

Kimo hakisumbui, sentimita 90 zatosha. Kasheshe iko chini. Mara ya kwanza nilisimamisha wavu wa kuku kwa fito za mkoko, nikaingia ndani kunywa chai. Kutoka, dume keshapita chini, yuko kwa jirani anatafuna mchicha! Kwa hiyo nunua wavu mpana zaidi, sentimita 30 za chini uzikunje kwa ndani zilale juu ya ardhi, uzikandamize kwa mawe. Sungura huanza kuchimba pale pale ukingoni. Akigusa waya, kwake basi. Ukipata wavu uliochomelewa, wa matundu ya sentimita mbili na nusu, chukua huo. Wa kuku wanautafuna, na hewa ya chumvi huula upesi.

Fito zisimamishe kwenye makopo ya rangi yaliyojaa mchanga. Siku ya kuhama unabeba vyote.

Kivuli usikifanyie mzaha. Sungura hatoi jasho, joto lake hutokea masikioni, na joto la hewa likipita nyuzi 30 anaweza kufa. Ezeka makuti upande mmoja, weka na maji. Na paka! Usiwaache peke yao, magharibi warudishe bandani.