Kutabiri teknolojia na kuandika vitabu: usiache kazi kwanza

Ndugu yangu, nimekuelewa: una miaka minne ukitengeneza simu, na sasa unataka kuacha duka uishi kwa kuandika kuhusu teknolojia zijazo. Usiache. Hilo duka ndilo mtaji wako.

Mwangalie Alvin Toffler wa Marekani, mwandishi wa vitabu vya kutabiri yajayo. Alipomaliza chuo kikuu, yeye na mkewe Heidi walikwenda kufanya kazi viwandani kwa miaka mitano hivi. Akachomelea vyuma, akaandikia jarida la wachomeleaji, kisha akawa mwandishi wa habari za wafanyakazi. Kitabu kilichompa jina, Future Shock, kilitoka 1970, akiwa na miaka 41.

Mimi naandika uchambuzi wa teknolojia, na kilichonifaa kuliko vyote ni daftari. Andika utabiri, tarehe ya mwisho na uhakika wako: "Kufikia Desemba mwakani, simu saba kati ya kumi ninazopokea dukani zitakuwa na tundu la chaji la Type-C. Uhakika: 80 kwa 100." Siku ikifika, hesabu simu, ujisahihishe bila huruma. Daftari langu la kwanza lilinionyesha kwamba mara nyingi nilipatia jambo lenyewe nikakosea muda, kwa sababu watu hubadilika polepole kuliko vifaa.

Fedha ya vitabu huchelewa. Anza na makala na mihadhara. Mkataba wa mchapishaji mwonyeshe mwanasheria kabla ya kusaini. Na msomaji akikuuliza awekeze wapi akiba yake, mpeleke kwa mshauri wa uwekezaji mwenye leseni.